Nakala, Mkono na Jina: Uhakiki wa Dhana ya Uasilia katika Uchoraji wa Tingatinga kwa Kigezo cha Ushairi wa Kiswahili

IKISIRI

Makala hii inahakiki hukumu inayotolewa mara kwa mara kuhusu uchoraji wa Tingatinga wa Dar es Salaam, kwamba ni sanaa ya kunakili na kwa hiyo haina uasilia. Uchambuzi umeongozwa na nadharia ya mwingilianomatini, na kigezo cha ulinganishi kimechukuliwa kutoka katika ushairi wa Kiswahili, hususan utendi na takhmisi. Hoja kuu ni kwamba sanaa inayotumia umbo la pamoja haipotezi uasilia wake kwa sababu ya kushirikiana umbo hilo. Kinachopotea, pale ambapo kitu hupotea, ni jina la aliyeitenda kazi. Makala inaonesha kuwa ushairi wa Kiswahili umetunza mambo mawili kwa wakati mmoja: umbo la wote na jina la mmoja. Inahitimishwa kwamba mhakiki wa Tingatinga hapaswi kuishia kuuliza iwapo picha imenakiliwa, bali aulize ni mkono gani umeichora, umeongeza nini, na jina lake limewekwa wapi.

1.0 Utangulizi

Mtu anayepita katika maduka ya sanaa ya Dar es Salaam, Arusha au Zanzibar hukutana na picha zinazofanana. Katika duka la kwanza kuna chui aliyesimama ubavu huku uso wake ukimtazama mtazamaji. Katika duka la pili yupo chui wa namna ileile, rangi zake zimebadilishwa kidogo. Twiga wamepangwa mbele ya Mlima Kilimanjaro, tausi amefunua mkia wake, na ndege wamejaa juu ya tawi moja. Mnunuzi aliyeamini kwamba amepata picha ya pekee hugundua kabla ya jioni kwamba picha hiyo ina ndugu wengi.

Hali hiyo imezaa hukumu mbili zinazopingana. Hukumu ya kwanza ni ya lawama. Inasema kwamba Tingatinga ni bidhaa ya watalii, kwamba wachoraji wake wanarudia kile kinachouzika, na kwamba msanii wa kweli ni yule anayebuni kitu ambacho hakijawahi kuwapo. Hukumu ya pili ni ya sifa. Inadai kwamba Tingatinga ni sanaa ya jamii, kwamba Mwafrika hutenda kwa pamoja, na kwamba suala la nani amechora nini ni wasiwasi ulioletwa kutoka nje.

Makala hii inadai kwamba hukumu zote mbili zina kasoro moja. Mwenye kulaumu anatazama picha bila kumwona mchoraji, kwa kuwa anaona nakala tu. Mwenye kusifu naye hamwoni mchoraji, kwa kuwa anaona jamii tu. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyeketi na kopo la rangi na brashi, ambaye riziki yake imo katika ubao ule, hapewi nafasi katika uhakiki wa kazi aliyoifanya kwa mikono yake. Suala hili si la kinadharia pekee. Jinsi sanaa inavyoeleweka ndiyo inayoamua nani anatajwa, nani analipwa, na kazi ya nani inahifadhiwa.

2.0 Usuli wa Uchoraji wa Tingatinga

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika eneo la Tunduru, kusini mwa Tanzania. Kama vijana wengi wa kusini wa wakati wake, alikwenda kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam ambako alifanya vibarua vya aina mbalimbali. Hakusomea sanaa katika chuo chochote. Alianza kuchora mwaka 1968, naye akafariki dunia mwaka 1972 kwa kupigwa risasi na polisi kimakosa. Kwa hiyo, mtindo unaobeba jina lake ulianzishwa katika muda wa takribani miaka minne tu.

Vifaa alivyotumia vilikuwa vile vilivyopatikana mjini kwa bei nafuu: hadibodi, yaani mbao bapa nyepesi za kutengenezea dari, na rangi ya mafuta yenye kung'aa, ya aina inayopakwa kwenye baiskeli. Vifaa hivyo viliathiri umbo la kazi. Rangi ya aina hiyo hukauka polepole na haichanganyiki kwa upole kama rangi za maji. Inataka kupakwa kwa mapana, kuachwa ikauke, kisha kupakwa tena juu yake. Ndiyo maana picha za mwanzo zina mandharinyuma ya rangi chache, umbo moja kubwa lenye mipaka iliyo wazi, na nukta au mistari iliyowekwa baadaye juu ya umbo hilo. Picha hizo ziliuzwa nje ya maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay, mahali palipokuwa na wakazi wengi wa kigeni.

Tingatinga aliwafundisha vijana wachache, wengi wao wakiwa jamaa zake au watu wa kwao. Miongoni mwao ni January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Simon Mpata na Ajaba Abdallah Mtalia. Baada ya kifo chake wanafunzi hao waliendelea kuchora na kuwafundisha wengine, na mwaka 1990 kundi la wachoraji likaandikishwa kuwa chama cha ushirika. Baadaye hadibodi ilipisha kanvasi kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa kanvasi hukunjwa na kusafirishwa kwa urahisi.

Jina lenyewe nalo lina historia yake. Katika Kiswahili cha kawaida tingatinga ni trekta. Kwa Edward lilikuwa jina lake. Leo ni jina la mtindo mzima, kiasi kwamba mtu husema amenunua tingatinga kama anavyosema amenunua kinyago. Jina la mtu limegeuka kuwa nomino ya kawaida. Jambo hilo ni heshima kubwa kwa marehemu, lakini kwa mchoraji aliye hai lina gharama yake, kwa kuwa picha aliyoichora huitwa kwa jina la mwingine kabla hajapata nafasi ya kutaja lake.

3.0 Kiunzi cha Nadharia

Uchambuzi huu unatumia nadharia ya mwingilianomatini, ambayo istilahi yake iliasisiwa na Julia Kristeva katika miaka ya 1960 kutokana na usomaji wake wa kazi za Mikhail Bakhtin. Msingi wa nadharia hii ni kwamba hakuna matini inayozaliwa peke yake. Kila matini hufyonza matini zilizoitangulia, huzijibu na kuzigeuza. Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wameitumia sana nadharia hii kuonesha jinsi riwaya zinavyochota katika ngano, visasili na Kurani, au jinsi mshairi mmoja anavyomjibu mwenzake.

Nadharia hii inafaa kwa Tingatinga kwa sababu inaondoa dhana kwamba kutokana na kazi nyingine ni upungufu. Iwapo kila matini ni zao la matini nyingine, basi chui anayemfuata chui mwingine hana hatia kwa kufuata tu. Swali linalobaki ni namna anavyofuata.

Hata hivyo, nadharia hii ina mpaka ambao ni muhimu kuutaja. Mwingilianomatini huzungumzia uhusiano wa kazi na kazi. Haizungumzii uhusiano wa mtu na mtu. Inaeleza jinsi picha ya leo inavyoikumbuka picha ya jana, lakini haielezi ni nani kati ya wachoraji wawili aliyekula na nani aliyelala njaa. Ili kuuziba mwanya huo, makala inatumia pia kigezo kinachotoka ndani ya utamaduni wa Kiswahili wenyewe, yaani kanuni ambazo ushairi umejiwekea kuhusu umbo na jina.

Inafaa vilevile kumtaja Walter Benjamin, ambaye katika insha yake maarufu ya miaka ya 1930 alijadili namna mashine, hasa upigaji picha na sinema, ilivyobadili hadhi ya kazi ya sanaa kwa kuizalisha kwa wingi. Wapo wanaoweza kushawishika kuitumia hoja yake kwa Tingatinga moja kwa moja. Ulinganishi huo haukai sawa. Nakala ya mashine haina mkono. Nakala ya Tingatinga ina mkono, na mikono haifanani. Picha mia moja za tausi zilizochorwa kwa brashi ni kazi mia moja zilizofanywa na watu, kila moja ikiwa na saa zake za kazi na makosa yake. Kuziita nakala kwa maana ya mashine ni kufuta kazi hiyo.

4.0 Uchambuzi na Mjadala

4.1 Kunakili kama Njia ya Kujifunza

Katika karakana ya Tingatinga, kama ilivyo katika ufundi mwingine mwingi wa Afrika Mashariki, mwanafunzi hafundishwi kwa maelezo bali kwa kutazama na kurudia. Kwa kawaida huanza na kazi zisizohitaji uzoefu mkubwa, kama vile kuandaa ubao au kanvasi na kupaka mandharinyuma. Kisha hujaribu umbo ambalo fundi wake amekwisha kulichora. Kurudia huko ndiko kunakomfundisha brashi ishikwe vipi, rangi ikauke kiasi gani kabla ya nukta kuwekwa, na nukta zipungue ukubwa kuelekea wapi ili tumbo la mnyama lionekane limejaa.

Maarifa hayo hayamo katika kitabu. Yamo katika mkono, na njia pekee ya kuyapata ni mkono mmoja kuufuata mwingine. Kwa mantiki hiyo, nakala ya mwanafunzi si wizi wa wazo. Ni hati ya mafunzo. Mhakiki anayemlaumu mwanafunzi kwa kunakili anafanana na anayemlaumu mtoto wa chuo cha Kurani kwa kuandika ubaoni herufi zilezile za mwalimu wake.

Aidha, kurudia umbo linalojulikana kuna maana ya kijamii. Kijana aliyefika mjini bila mtaji wala cheti anaweza kuanza kujipatia chakula kwa kuchora umbo ambalo soko limekwisha kulikubali. Umbo la pamoja linafanya kazi kama akiba ya kundi: anayeingia hapewi fedha, bali hupewa chui. Hili ni jambo ambalo hukumu ya lawama hailioni kabisa.

4.2 Kunakili kama Njia ya Kutunga

Kunakili hakuishii kwenye mafunzo. Ukitazamwa mfululizo wa picha za Tingatinga tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, mabadiliko makubwa yanaonekana, na mabadiliko hayo yamepatikana kwa kurudia, wala si kwa kuacha kurudia.

Picha za Edward mwenyewe kwa kawaida huwa na mnyama mmoja, mandharinyuma tulivu na mimea michache. Mnyama huonekana ubavu, na uso wake mara nyingi humgeukia mtazamaji. Warithi wake waliongeza mnyama wa pili, kisha kundi. Mandharinyuma iliyokuwa ya rangi moja ikaanza kuchanganywa rangi mbili au tatu zinazofifia moja ndani ya nyingine. Uwazi uliozunguka umbo ukajazwa majani, maua na ndege, hadi katika baadhi ya picha hakuna nafasi iliyobaki tupu. Wengine waliacha wanyama wakageukia maisha ya watu: soko, hospitali, mganga, harusi, basi lililojaa abiria. Hakuna hata moja kati ya hatua hizi iliyoanzia mwanzo kabisa; kila mchoraji alichukua picha iliyokuwapo na kuongeza kitu kimoja.

Mfano bora zaidi ni taswira ya shetani. Wachongaji wa Kimakonde waliohamia Tanganyika kutoka Msumbiji walikuza mtindo wa vinyago vya mashetani katika miaka ya 1950, na simulizi za wachongaji humtaja Samaki Likankoa kuwa mwanzilishi wake. George Lilanga, Mmakonde aliyeanza na uchongaji na baadaye akafanya kazi Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam, aliyahamisha mashetani hayo kutoka kwenye mpingo hadi kwenye rangi. Katika mpingo shetani ni kiwiliwili kimoja cheusi kilichopinda na kutobolewa. Katika rangi za Lilanga, mashetani ni kundi la viumbe wenye masikio makubwa na matumbo yaliyotokeza, wanaocheza, wanaogombana na kupikiana. Wachoraji wa Tingatinga nao wakawaingiza mashetani katika picha zao. Umbo moja limepita katika mikono ya mafundi wa aina tatu, na kila mara limebadilika kwa sababu ya kifaa na mkono.

Kwa hiyo, uasilia katika sanaa ya aina hii haupimwi kwa umbali wa kazi kutoka kwa iliyoitangulia. Unapimwa kwa ziada. Mhakiki anayejua picha kumi za chui ataweza kusema ni ipi ya kumi na moja iliyoongeza kitu na ni ipi iliyopunguza. Asiyejua hata moja ataziona zote sawa, kama vile asiyejua Kiswahili anavyosikia mashairi yote kuwa wimbo mmoja.

4.3 Kigezo cha Ushairi: Umbo la Wote, Jina la Mmoja

Mlinganisho na ushairi unastahili kutazamwa kwa undani, kwa kuwa ushairi wa Kiswahili ni sanaa ya umbo la pamoja kwa kiwango ambacho hata Tingatinga haijakifikia. Utendi una kanuni inayojulikana: beti za vipande vinne, mizani minane kwa kila kipande, vipande vitatu vya kwanza vikiwa na kina kimoja na kipande cha nne kikibeba kina kinachodumu utendi mzima. Watunzi wengi mno wametumia umbo hilohilo. Hakuna mhakiki aliyewahi kudai kwamba mtunzi wa utendi ni mnakilishaji kwa sababu mizani yake ni minane. Kinachopimwa ni alichokifanya ndani ya mizani hiyo.

Jambo linalosahaulika ni kwamba umbo hilo la wote halikuwahi kumzuia mtunzi kujitaja. Kinyume chake, utendi wenyewe umemtengea nafasi. Ni desturi ya tendi nyingi kwamba beti za mwisho humtambulisha mtunzi, na mara nyingine hutaja mwaka na idadi ya beti. Mwana Kupona binti Mshamu, katika utendi aliomtungia binti yake, anataja mwishoni jina lake, Pate kuwa ndiko alikozaliwa, na mwaka wa utunzi, yaani 1275 wa Hijria, ambao unaangukia takribani mwaka 1858. Mwanamke aliyetunga kwa umbo ambalo hakulibuni, kwa mafunzo ambayo jamii yake nzima iliyajua, hakuona kwamba kujitaja ni kinyume cha unyenyekevu wala cha ujamaa.

Takhmisi inakwenda mbali zaidi. Hapa mtunzi wa baadaye huchukua beti za mishororo miwili za mtunzi aliyetangulia na kuongeza mishororo mitatu yake, ili kila ubeti uwe wa mishororo mitano. Takhmisi mashuhuri kuliko zote katika Kiswahili ni ile inayonasibishwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, aliyoijenga juu ya beti zinazohusishwa na Fumo Liongo. Kwa kipimo cha hukumu ya lawama, takhmisi ingekuwa unakili wa wazi kabisa, kwa kuwa maneno ya mtu mwingine yamo ndani yake bila kubadilishwa. Lakini jadi haikuihukumu hivyo. Imeiheshimu kama utunzi wa hali ya juu, kwa sharti moja: aliyetangulia anajulikana na aliyeongeza anajulikana. Msomaji anaweza kuonesha mahali ambapo mmoja anaishia na mwingine anaanzia.

Hili ndilo fundisho ambalo ushairi unaupa uchoraji. Kushirikiana umbo na kutunza jina si mambo yanayogombana. Hukumu ya sifa, inayodai kwamba sanaa ya pamoja ya Kiafrika haina haja ya jina, haiungwi mkono na jadi kongwe kabisa ya sanaa ya maandishi katika pwani hii.

Ipo hoja pingamizi ambayo haina budi kujibiwa. Shairi likikaririwa na watu mia moja, mtunzi hapungukiwi. Sifa yake huongezeka. Picha ikinakiliwa mara mia moja, nakala hizo hushindana na picha ya mbunifu mbele ya mnunuzi yuleyule. Mchoraji aliyebuni muundo mpya unaouzika leo anaweza kuukuta kwa jirani kesho kwa bei ya chini. Tofauti hii ni ya kweli. Lakini haidhoofishi hoja ya makala; inaipa uzito zaidi. Kama umbo haliwezi kuzuiwa lisisambae, basi kitu pekee ambacho mbunifu anaweza kubaki nacho ni kutambuliwa kwamba lilitoka kwake. Kwa mchoraji, jina lina thamani kubwa hata kuliko lilivyo kwa mshairi.

4.4 Kughushi: Mahali Halisi pa Kosa

Mpaka kati ya kunakili na kughushi unaonekana wazi zaidi kwa kigezo hiki. Mchoraji anayechora chui wa Edward na kuweka saini yake mwenyewe amefanya kazi ya mwanafunzi au ya mtunzi wa takhmisi, kutegemea ziada aliyoiweka. Anayechora chui huyohuyo na kuweka saini ya Edward ameghushi. Umbo ni lilelile, rangi ni zilezile, na hata ustadi unaweza kuwa sawa. Kilichobadilika ni jina tu.

Baada ya kifo cha Tingatinga, picha zenye saini yake ziliongezeka thamani, na za kughushi zikaingia sokoni. Ni rahisi kuona madhara kwa mnunuzi aliyedanganywa. Madhara mengine hayatajwi sana. Kwanza, marehemu hupachikwa kazi asizozifanya, na taswira ya ufundi wake huvurugika. Pili, mchoraji aliyeghushi hujifuta mwenyewe: kadiri anavyofanya kazi vizuri ndivyo mkono wake unavyozidi kupotea ndani ya jina la mwingine. Mtu anayeweza kumwiga mwalimu wake kwa ukamilifu ni fundi mkubwa. Soko limempa sababu ya kuuficha ufundi wake badala ya kuuonesha.

Ikumbukwe pia kwamba jina linaweza kupotea bila mtu yeyote kughushi. Kanga inatoa mfano. Kanga maarufu za Mombasa huwa na alama ya mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak, inayosomeka kwamba ni mali ya Abdulla. Nguo hiyo ina jina lake, yaani methali au usemi ulioandikwa, na ina jina la mfanyabiashara. Jina la aliyebuni mchoro wake halimo. Nafasi ya jina ipo, imejazwa, lakini haikujazwa na msanii. Mfano huu unaonesha kwamba swali la iwapo kazi ina jina halitoshi. Lazima iulizwe ni jina la nani.

4.5 Soko, Hadhira na Sheria

Methali inasema mcheza kwao hutunzwa. Inaeleza kanuni ya upokezi: msanii hupata haki yake mbele ya hadhira inayomjua, inayojua alichorithi na alichoongeza. Mtunzi wa takhmisi alikuwa na hadhira ya aina hiyo. Mchoraji wa Tingatinga mara nyingi hana. Tangu picha za kwanza zilipowekwa nje ya Morogoro Stores, wanunuzi wengi wamekuwa wageni, na mgeni anayekaa nchini siku kumi hawezi kutarajiwa kutofautisha mkono wa fundi mmoja na wa mwingine. Ananunua Tingatinga, si picha ya mtu fulani. Picha inapofika ukutani kwake ng'ambo, saini iliyo pembeni haina maana kwake.

Umbali huo umeongezeka kadiri mtindo ulivyosambaa. Mwaka 2010 mfululizo wa katuni za televisheni uitwao Tinga Tinga Tales, uliotengenezwa Nairobi na kuoneshwa Uingereza, uliwafikishia watoto wa nchi nyingi sura ya mtindo huu pamoja na jina lake. Mtindo ulioanza kwenye hadibodi za dari ulikuwa umetambulika kimataifa. Lakini mtoto anayelijua jina la katuni halazimiki kujua kwamba lilikuwa jina la mtu, sembuse majina ya waliomfuata.

Sheria inasaidia kwa kiasi fulani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda kazi ya sanaa kama ilivyotendwa na inatambua haki ya mtunzi kutajwa kuwa ndiye mwenye kazi. Hailindi mtindo, na haipaswi kuulinda. Kama mtindo wa nukta na rangi za kung'aa ungekuwa mali ya mtu mmoja au ukoo mmoja, mamia ya wachoraji wangekosa kazi, na mabadiliko yote yaliyojadiliwa katika sehemu ya 4.2 yasingetokea. Kwa hiyo, sheria na jadi ya ushairi zinakutana mahali pamoja: umbo liachwe wazi, jina litunzwe. Kinachokosekana ni watu wa kuifanya kanuni hiyo iishi, na hapo ndipo jukumu la uhakiki linapoanzia.

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamekwisha kuifanya kazi hiyo kwa washairi. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, yalibaki katika vichwa vya watu kabla ya kukusanywa na kuandikwa, na jina lake halikupotea kwa sababu waliokariri walikariri pia ni ya nani. Uchoraji wa Tingatinga bado una watu walio hai wanaoweza kuitazama picha isiyo na saini na kusema ni mkono wa nani, kwa jinsi jicho la mnyama lilivyowekwa au nukta zilivyopangwa. Maarifa hayo ni uhakiki, ingawa hayajaitwa hivyo. Wenye maarifa hayo wakiondoka kabla hayajaandikwa, picha zitabaki na mikono itasahaulika.

5.0 Hitimisho

Makala hii imejadili hukumu mbili kuhusu uchoraji wa Tingatinga na kuonesha kuwa zote zinamwacha mchoraji nje. Imebainika kwamba kunakili katika sanaa hii kuna sura tatu: kunakili kwa kujifunza, ambako ni njia ya kurithisha ufundi, kunakili kwa kutunga, ambako huzaa upya kwa njia ya ziada, na kughushi, ambako kosa lake limo katika jina, si katika umbo. Mwingilianomatini umesaidia kueleza sura mbili za kwanza. Sura ya tatu imehitaji kigezo cha ushairi, hususan desturi ya mtunzi wa utendi kujitaja na desturi ya takhmisi kumtunza aliyetangulia pamoja na aliyeongeza.

Kutokana na matokeo hayo, uhakiki wa sanaa za maonesho na za ufundi katika Kiswahili unashauriwa kuzingatia mambo mawili. La kwanza ni kuzisoma picha kwa mfululizo badala ya moja moja, kwa kuwa ziada haionekani pasipo kujulikana kilichotangulia. La pili ni kukusanya majina: nani alimfundisha nani, nani aliongeza nini, na kwa dalili zipi mkono wake unatambulikana. Kazi hiyo haihitaji nadharia mpya. Inahitaji mhakiki aketi karakanani, atazame, aulize na kuandika, kabla hajatoa hukumu kwamba picha zote zinafanana.